Mfarishi wa Kulalia Kabwe

Ninachokikumbuka kwanza ni sauti. Siku yenyewe inafuata nyuma yake. Krrt. Kimya kidogo. Krrt. Kisha tena. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, nyumbani kwa kaka yangu Deogratias huko Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa barazani nikisoma maoni ambayo msimamizi wangu wa chuo aliyaandika pembezoni mwa tasnifu yangu kabla ya kunirudishia niisahihishe. Sauti ilitoka chumbani kwa mama. Mtu anayeshona huitambua sauti ya uzi unaokatwa kwa wembe, na huitambua upesi zaidi ikiwa uzi huo aliupitisha yeye mwenyewe. Nilijikuta nimesimama kabla sijaamua kusimama.

Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, na mapajani mwake ulikuwa umelala mfarishi niliokuja nao kutoka Sumbawanga kwa ajili yake. Mwanangu, naweka wazi neno hili kwa sababu vijana wenzako siku hizi kila kitu cha kujifunika mnakiita duveti: mfarishi ni nguo mbili, ya juu na ya chini, katikati pamba, na mishono iliyopita toka upande hadi upande ili pamba isikimbilie pembeni. Mishono hiyo ndiyo mama aliyokuwa akiikata. Upande mmoja ulikwisha kufunguka. Karibu na goti lake palikuwa na kiroba chenye masweta makuukuu na kipande cha blanketi la kijivu, lile zito, la kuwasha, tulilolala chini yake tulipokuwa watoto.

“Mama, unafanya nini?”

“Naushibisha,” akasema, bila kuacha kazi. “Umeuleta una njaa.”

Wifi yangu Restituta alikuwa amefika mlangoni na beseni la dagaa kiunoni. “Mwache, wifi. Sisi hapa khanga moja tunaiona nzito, mwenzetu anataka kulala kama yuko Sumbawanga mwezi wa saba.”

“Wewe ulizaliwa ndani ya jiko,” mama akamjibu. “Utajua nini habari za kulala?”

“Basi nikikukuta umeiva asubuhi nisilaumiwe!”

Wakacheka wote wawili, maana walipendana, na nataka ulijue hilo mapema usije ukatafuta ubaya mahali usipokuwepo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiitazama pamba yangu ikichungulia kwenye ule mshono uliofunguka, kama mtu aliyekosewa heshima mbele za watu.

Juzi uliniletea vipande viwili vya pamba ukaniuliza kipi kinafaa katika mfarishi utakaompelekea mama mkwe wako huko Kipili. Nilikuona ulivyosubiri jibu la neno moja. Nikakuambia uniachie nifikiri, nawe ukaondoka ukidhani nimezeeka. Sikuwa nikifikiri juu ya pamba, mwanangu. Nilikuwa nimerudi kwenye mlango ule wa Kabwe.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake katika nyumba yetu ya tofali za kuchoma, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, upande unaopokea upepo wa Milima ya Mbizi. Kisha miguu ikaanza kumvimba. Kaka, ambaye ndiye mtoto wa kwanza na alikuwa amekwisha kujijenga kwa biashara ya samaki, alipanda na gari lake mwenyewe akamteremsha hadi ziwani. Alimjengea chumba, akakipiga sakafu ya saruji, akatoboa madirisha mawili ili upepo wa ziwa upite. Ndugu wote tulimsifu. Padre alimtaja kwa wema baada ya misa. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika mji wa mbali, na niliposikia habari hiyo nilishusha pumzi, nikaendelea na sura yangu ya tatu.

Somo langu lilikuwa namna kuta za tofali zinavyopokea joto mchana na kulitoa usiku. Kwa hiyo nilipoamua kumshonea mama mfarishi, nililifanya jambo hilo jinsi nilivyokuwa nimefundishwa kufanya mambo. Katika ziara iliyotangulia nilikuwa nimetundika kipimajoto chumbani kwake, nikikisoma asubuhi, mchana na jioni. Niliporudi Sumbawanga kusahihisha tasnifu katika nyumba ile ile aliyoiacha, nilizunguka soko zima nikipima pamba kwa vidole.

Nikueleze nilichokipata, kwa sababu ndicho ulichoniuliza. Pamba ya nailoni, ile iliyofutuka na nyeupe kupita kiasi, hufuliwa vizuri na hukauka upesi, lakini huzuia jasho lisitoke. Anayejifunika nayo mahali pa joto huamka shingo imelowa. Sufi ni laini na nyepesi, ila hutoroka kupitia tundu lolote, na ikifuliwa mara chache hujikusanya madonge. Kwenye unyevu wa ziwa, sufi iliyoloa haikauki vema, na harufu yake utaikumbuka. Pamba halisi ya shambani, iliyochambuliwa mbegu na kuchanuliwa, ndiyo inayopumua. Lakini nayo ikizidi unene inakuwa ile ile taabu. Kwa hiyo mahali kama Kabwe au Kipili utatandaza pamba halisi, tabaka moja, nyembamba kiasi kwamba ukiiinua mbele ya dirisha unauona mwanga. Nguo za juu na chini ziwe zimefuliwa kabla, zisije zikarudi baadaye na kukunja kazi yako. Samahani, nikianza habari hizi huwa siachi.

Ndivyo nilivyofanya. Na nakuambia bila kusita kwamba kwa upande wa joto peke yake, hata leo nisingebadili kitu.

Mama alimaliza kuushibisha. Masweta mawili yaliingia, na kipande cha blanketi kikaingia, akafunga kwa mishono mirefu ya haraka kama ya kufunga gunia. Asubuhi yake nilimkuta amelowa jasho, uso unang’aa, mfarishi ameukumbatia.

“Mama, utaugua,” nikamwambia.

“Nimelala.”

“Umelowa.”

“Nimelowa, lakini nimelala.” Akanitazama kwa muda, kama anayepima iwapo nitaelewa. “Ule wako ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini nikijifunika kitu chepesi najiona kama mtu aliyejinyoosha mahali kungojea gari. Usiku kucha naona bado sijafika.”

Maneno hayo yalinikamata. Ila, mwanangu, tazama jinsi akili iliyozoea kupima inavyokamatwa: sikusikia kwamba mama ananiambia hajafika. Nilisikia kwamba tatizo ni uzito. Nikafurahi hata, kwa sababu uzito ni kitu kinachoweza kushonwa.

Nilirudi Sumbawanga, na tasnifu nikaiweka kando. Nilitaka mfarishi mzito usio na joto. Nilichora, nikafuta, nikashona vipande vya majaribio na kulala chini yake mwenyewe. Mwishowe nilichukua marekani, ile nguo ngumu isiyopaushwa, nikaifua mpaka ikalainika. Nikatandaza pamba nyembamba kama ile ya kwanza. Nikapitisha mishono karibu karibu ili hewa isijifungie mle. Kisha pindo la kuzunguka pande zote nikalikunja tena na tena mpaka likawa nene kama mkanda. Uzito ukakaa pembezoni, ukining’inia kitandani kila upande na kumshika mtu vizuri, na katikati upepo ukapita. Mpaka leo sijaona mfarishi wa mahali pa joto unaoupita ule. Nikaupeleka mwenyewe hadi Kabwe, nimeukumbatia kwenye basi, nikijiona nimetatua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitatua.

Kaka aliupokea mlangoni, akaupima kwa mikono yake mikubwa ya kubebea masanduku ya samaki. “Huu ni mfarishi au nyavu?” akauliza. “Za kwetu zikichanika tunautumbukiza huu ziwani.”

“Usiuguse na mikono ya samaki!” Restituta akamfokea, akaunyakua.

Mama alilala nao. Asubuhi alikuwa mkavu. Nilimkagua shingo na mgongo kama nesi. Siku zilizofuata vilevile. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na mchana nilimwona akisinzia kwenye kiti, uso ameuelekeza upande ambao barabara inapanda kwenda Namanyere na kuendelea hadi kwetu.

Ikafika alasiri nikamfuata pale alipokaa. Wengine walikuwa wameshuka mwaloni kupokea boti.

“Mama, uzito umetosha?”

“Umetosha. Umeweza, mwanangu. Hongera.”

“Mbona basi hulali?”

Alijibu kwa Kifipa, na Kiswahili nikiwekacho hapa ni changu, hakitoshi.

“Blanketi ni nusu,” alisema. “Nusu nyingine ni baridi. Kwetu ukijifunika unaisikia ile baridi imesimama pale dirishani, inakutafuta, na wewe umo ndani haikupati. Ndiyo raha ya kulala. Hapa nikijifunika najikinga na nini? Nje hakuna kitu.”

Ulimi wangu ulitafuta aina ya pamba ya kutaja, na haikuwepo.

“Unataka kurudi nyumbani,” nikasema hatimaye.

“Sikusema hivyo.” Akashtuka, akatazama mlangoni. “Wala usimwambie kaka yako. Amenijengea chumba. Watu wakisikia nimeondoka watasema mkewe amenishinda, na yule binti hajanikosea hata kwa chumvi.”

“Lakini mama, ungetuambia.”

Hapo ndipo aliponikemea, kwa sauti ya chini kabisa. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti.

“Umepima ukuta wangu. Umepima dirisha. Ulikuja na kile kioo chako ukakitundika hapo juu ya kichwa changu, ukakisoma asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa nimelala hapo chini yake. Hukuniuliza hata siku moja kama nataka kulala hapa au pengine.”

“Ningekuuliza ungesemaje?”

“Ningekataa kusema,” akanijibu. “Lakini ungeniuliza.”

Nilipanda basi kesho yake. Njia nzima ya kupanda, gari likiacha joto la ziwa na kuingia kwenye hewa ya Ufipa, nilisikia jinsi ngozi ya mikono yangu inavyojikusanya kwa baridi, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kuifurahia. Mashamba ya ulezi yalikuwa yamevunwa. Moshi wa jikoni ulikuwa umelala chini chini kama kawaida yake msimu ule. Kila kitu nilichokiona nilikiona kwa macho ya mtu mwingine ambaye hakuwemo ndani ya basi.

Simu nilikuwa nayo mkononi, na jina la kaka lilikuwa la kwanza kabisa. Sikupiga. Nilijiwekea hoja. Nikimwambia mama anataka kurudi, nitakuwa nimevunja siri yake. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwacha. Nikimwambia kaka kwamba joto linamuumiza mama miguu, nitakuwa nimesema uongo, kwa sababu miguu ilikuwa imepona. Nikisema ni mimi nimeona tu, atauliza nimeona nini, na Restituta atakuwa anasikiliza pembeni. Tena nikisema arudi, atarudi kwa nani? Nyumba ilikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa natarajiwa chuoni, na akirudi mama ingenilazimu kubaki, na kubaki ningebaki hadi lini? Nilitunga sentensi za kuanzia, nikazisahihisha kama ninavyosahihisha tasnifu, kila moja nikaiona ina kasoro. Huku nikitunga, mama alikuwa anasinzia mchana kwenye kiti akitazama barabara.

Sasa mama amelala hapa hapa kwetu, katika udongo wa huku juu Ufipa, na kila msimu wa baridi unapofika nafungua kidogo dirisha la chumba chake jioni na kukaa pale hadi nitetemeke. Sijui kwa nini nafanya hivyo. Naona ni namna ya kumsalimia. Natamani angekuwepo aniambie nifunge.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kati ya vile vipande viwili, chukua kile chembamba cha pamba halisi. Hapo sina shaka. Kitandaze kama nilivyoeleza, pindo ulifanye nene ikiwa mtumiaji ni mtu mzima. Lakini usikate nguo bado. Nilipokuuliza juzi kama mama mkwe wako ni mzaliwa wa Kipili au alihamia, uliniambia hujui. Nenda kwanza. Kaa naye mchana mmoja bila kamba ya kupimia. Muulize alikuwa analala wapi alipokuwa binti, na alijifunika nini, na nje kulikuwa na nini. Asipotaka kusema, usimlazimishe, ila ajue kwamba umeuliza na kwamba ungekaa kusikia. Tunapowapenda wazee wetu tunakimbilia kuwatengenezea mahali, na tukishatengeneza tunaogopa kuuliza swali ambalo jibu lake litatubomolea kazi. Uliza tu. Na ukipata jibu linalogusa maisha ya mtu mwingine, usingoje hadi upate sentensi isiyo na kasoro. Tafuta iliyo ya kweli kwa upande wako wewe, uiseme ikiwa bado inatetemeka.

Mungu akujalie mikono yenye subira na mishono inayoshika. Akupe nyumba ambayo mzee akiingia atajua amefika. Na siku yako ya kuzeeka ikifika, akuletee mtoto wa kukuuliza unataka kulala wapi. Amina.

Simu yenyewe kwa kaka niliipiga hatimaye asubuhi moja, nimesimama uani na sweta, chai inapoa mkononi.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba. Vipi, kuna msiba?”

“Hakuna.” Sentensi zote nilizotunga zilikimbia. Nikasema ile ambayo sikuwa nimeitunga, nayo ilikuwa ya kweli. “Kaka, nina upweke huku. Nyumba hii ni kubwa kwangu. Naomba uniazime mama.”

Kwa upande wake nilisikia injini ya boti, na watu wakibishana bei. Kisha akatembea mbali na kelele, kwa maana sauti zilififia.

“Unamwazima hadi lini?”

“Hadi joto la huko lipungue.”

“Joto la Kabwe halipungui, mdogo wangu.”

“Najua, kaka.”

Nikajua amenielewa, nikaogopa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imelegea kama ya mtu aliyetua mzigo.

“Nilikuwa nangoja mmoja wenu anidai. Mimi ningeanzaje kusema? Namwona anavyokaa kwenye kile kiti. Restituta naye anamwona, tunatazamana tu. Ningesema mimi, si ingekuwa namfukuza mama yangu?”

“Basi mimi nakudai.”

“Umenidai.” Akakohoa. “Utaacha chuo?”

“Nitaandikia hapa. Karatasi hazijali ziko wapi.”

“Haya. Ngoja nifike nyumbani.” Nilisikia ndara zake zikipiga mchanga, halafu mlango, halafu sauti yake ikiwa ya uangalifu ambao sikuwahi kuusikia kwake: “Mama, binti yako yuko hapa kwenye simu. Anauliza kama utapenda kwenda kukaa naye. Mimi pia nauliza.”

Simu ikakwaruza, ikapokelewa na mkono mwingine. Mama hakuuliza ni kwa nini, wala kwa muda gani, wala nani amesema nini.

“Leo huko kuna ukungu?” akauliza.

“Upo, mama. Nyumba ya jirani siioni.”

“Basi,” akasema, “nakuja.”